Usiku au mchana wa soko la New York: faida ya hisa hupatikana saa ngapi, na mtu wa Mwanza achague nini

Mitumbwi ya dagaa inapokuwa imeshatawanyika ziwani na taa zimewashwa, tuseme saa mbili usiku, New York ni saa saba mchana na soko la hisa liko katikati ya kazi. Linapofungwa, Mwanza ni saa tano usiku. Litakapofunguliwa tena, mtu wa Kirumba atakuwa amelala, ameamka, amefanya kazi kutwa na sasa anafikiria kufunga duka. Kwa hiyo unaoitwa usiku wa soko la Marekani, kwetu ni usingizi pamoja na siku nzima ya kazi, na mchana wake ndiyo jioni yetu. Hili lishikwe mapema, kwa sababu kuanzia hapa "usiku" na "mchana" ni vya soko, si vya jua la Mwanza.

Usiku ni kutoka bei ya kufunga ya jana hadi bei ya kufungua ya leo. Mchana ni kutoka bei ya kufungua ya leo hadi bei ya kufunga ya leo. Aliyenunua na kukaa na hisa zake anapata vyote viwili bila kuvifikiria. Lakini ukivitenganisha, kwenye hisa za Marekani unakutana na jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walipige hesabu wenyewe: tangu mfuko wa SPY, unaofuata faharasa ya S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani), uanze kuuzwa Januari 1993, karibu ukuaji wake wote umetokea usiku. Michana yote ikijumlishwa imeacha kidogo sana, na kuna vipindi virefu ambavyo haikuacha kitu.

Sasa angalia saa zako. Mtu wa Mwanza mwenye kazi au duka anapata nafasi ya kukaa na simu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi usiku. Ndizo hizo hizo saa ambazo kihistoria hazikulipa. Wengi waliochagua kufanya biashara ya mchana wa New York hawakuichagua kwa sababu ina faida. Wameichagua kwa sababu ndiyo inayowakuta wamepumzika.

Saa zenyewe, kwa saa za Mwanza

| Tukio | Katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba | Miezi iliyobaki |
|---|---|---|
| Soko kufunguliwa | saa 10:30 jioni | saa 11:30 jioni |
| Mwisho wa kutuma oda ya bei ya kufunga (NYSE) | saa 4:50 usiku | saa 5:50 usiku |
| Soko kufungwa | saa 5:00 usiku | saa 6:00 usiku |
| Madalali wengi wa CFD (mikataba ya kufuata bei bila kumiliki hisa) kukata gharama ya kulaza mkataba | saa 6:00 usiku | saa 7:00 usiku |

Saa za New York husogezwa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Zetu hazisogei. Kila mwaka wapo wanaoingia sokoni Jumatatu ile ya Novemba saa kumi na nusu na kukuta bei imelala, wakadhani intaneti ndiyo mbovu.

Jinsi ya kupima bila kujidanganya

Hesabu ni rahisi. Hisa ilifunga jana dola 100, leo imefungua 101, imefunga 100.50. Usiku umeleta 101 ÷ 100 − 1, yaani +1%. Mchana umeleta 100.50 ÷ 101 − 1, yaani karibu −0.5%. Ukitaka kuhakiki, zidisha 1.01 kwa 0.995: unarudi kwenye 1.005, ambayo ndiyo faida ya siku nzima. Kumbuka ni kuzidisha, si kujumlisha. Kwa siku moja tofauti haionekani, lakini kwa miaka 30 kujumlisha kutakupa jibu la uongo.

Ugumu uko kwenye takwimu. Kwanza, gawio. Hisa iliyofunga dola 100 na kuanza kuuzwa bila haki ya gawio la dola 2 itafungua kwenye 98 hivi, ingawa hakuna aliyepoteza kitu. Usipoongeza zile dola 2 utaandika kwamba usiku umekula 2%, na baada ya miaka kadhaa usiku wako utaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Gawio siku zote linaangukia upande wa usiku: analipata aliyelala na hisa. Anayenunua asubuhi ya soko na kuuza jioni yake hapati gawio lolote mwaka mzima.

Pili, safu ya bei ya kufunga iliyorekebishwa. Tovuti nyingi zinazotoa bei za zamani bure zina safu mbili za kufunga, moja ya kawaida na moja iliyorekebishwa kwa gawio, lakini bei ya kufungua huachwa bila kurekebishwa. Ukigawanya bei ghafi ya kufungua kwa bei iliyorekebishwa ya jana, unalinganisha debe na kilo. Tengeneza safu yako mwenyewe: bei ya kufungua × bei ya kufunga iliyorekebishwa ÷ bei ya kufunga ya kawaida, zote za siku hiyo hiyo. Ndipo ugawanye. Ukifanya hivyo, gawio linaingia lenyewe mahali pake.

Tatu, na hapa hata wazoefu huteleza: usitumie faharasa yenyewe ya S&P 500. Kengele inapolia, si hisa zote 500 zinauzwa sekunde hiyo hiyo. Ile ambayo haijauzwa huingizwa kwenye hesabu kwa bei yake ya jana. Matokeo yake, namba ya kufungua ya faharasa hukaa karibu mno na ya kufunga ya jana, usiku unaonekana haujatoa kitu na mchana unapewa sifa isiyo yake. Tumia SPY au mfuko mwingine unaouzwa kama hisa moja.

Mwisho wa juma ni usiku mmoja. Kutoka Ijumaa kufunga hadi Jumatatu kufungua ni mstari mmoja kwenye jedwali lako, japo ni siku tatu za habari.

Kwa nini usiku ulipe?

Hakuna jibu moja lililokubalika, ila yapo manne yenye uzito.

La kwanza ni hatari ya kutoweza kutoka. Mwenye hisa saa tano usiku hana mlango. Kampuni ikitangaza hesabu mbaya, na kampuni nyingi kubwa za Marekani hutangaza kabla ya soko kufunguliwa au baada ya kufungwa, yeye ataipokea bei atakayoikuta. Mfanyabiashara wa soko la Mwaloni anayenunua dagaa mtumbwi ukiwa bado haujarudi anadai punguzo, kwa sababu upepo ukivuma ni wake. Ndivyo ilivyo hapa: anayekubali kulala na mzigo anataka alipwe. Maelezo haya yana akili, lakini yana tundu. Hatari ya usiku kwa kweli ni ndogo kuliko ya mchana, kama tutakavyoona, na bado malipo yako upande huo.

La pili ni umati wa asubuhi. Watu binafsi husoma habari usiku, wakaweka oda, na oda zikakutana zote kengele inapolia. Bei inasukumwa juu kwenye kufungua, kisha inapoa kadiri saa zinavyokwenda. Ukinunua dakika tano za kwanza kwa sababu hisa "inakimbia", mara nyingi wewe ndiye unayelipa faida ya usiku ya mtu mwingine.

La tatu lilichimbuliwa na watafiti wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, kwenye mikataba ya baadaye (futures: makubaliano ya leo ya kununua au kuuza tarehe ya mbele) ya S&P 500 ambayo huuzwa karibu saa zote 24. Walikuta kwamba faida ya usiku haikusambaa sawasawa. Imerundikana karibu na saa nane hadi saa tisa usiku kwa New York, masoko ya Ulaya yanapoamka. Kwa Mwanza hiyo ni saa tatu hadi saa nne asubuhi, miezi ya Machi hadi Novemba. Tafsiri yao: soko likifungwa huku watu wakiuza kwa wingi, madalali wakubwa wanabaki na mzigo wasioutaka, wanaushusha bei, na Ulaya inapofungua wanapata wa kumtwika. Aliyenunua mzigo ule kwa bei ya chini anapata tofauti.

La nne ni kwamba walionunua hisa usiku na mchana si watu wa aina moja. Lou, Polk na Skouras walionyesha, katika utafiti uliotoka 2019, kwamba faida ya kufuata hisa zilizokwishapanda hupatikana usiku, ilhali faida za mikakati mingine mingi, ikiwamo ya kampuni ndogo na ya hisa za bei nafuu zikilinganishwa na mali za kampuni, hupatikana mchana. Kwa hiyo "usiku ni bora" ni sentensi ya faharasa nzima. Kwa hisa moja moja inaweza kugeuka.

Na inageuka hata kwa nchi. Hisa za China bara, zile za A, usiku wake kwa wastani ni hasara. Sababu inayotajwa ni kanuni ya huko: ukinunua leo huruhusiwi kuuza hadi kesho. Anayenunua asubuhi amejifungia siku nzima, basi anadai bei ya chini, na bei ya kufungua inashuka. Hapo unaona kwamba usiku hauna uchawi wowote. Sheria za soko na nani amebanwa saa ngapi ndivyo vinavyoamua upande unaolipa.

Hatari: kila upande una meno yake

Mchana unatikisika zaidi. Mwaka 1986 Kenneth French na Richard Roll walipima na kukuta kwamba bei huyumba kwa saa moja ya soko mara nyingi zaidi kuliko kwa saa moja ya soko lililofungwa. Ushahidi wao mzuri kuliko wote ulitoka 1968. Mwaka huo soko la New York lilifungwa Jumatano nyingi kwa sababu makaratasi yalikuwa yamewalemea makarani. Jumatano hizo ofisi zote nyingine zilikuwa wazi, habari za biashara ziliendelea kutoka, lakini bei ziliyumba kidogo tu. Sehemu kubwa ya mtikisiko wa mchana hutengenezwa na kununua na kuuza kwenyewe.

Ila namna ya kuumia ni tofauti. Mchana bei hushuka ngazi kwa ngazi, na ukiwa umeweka oda ya kukata hasara kwenye 97, kwa kawaida utauzwa karibu na 97. Usiku bei inaruka. Ilifunga 100, inafungua 91, na oda yako ya 97 inauzwa kwa 91. Haikuharibika: oda hiyo inasema tu "bei ikifika 97 au chini yake, uza kwa bei iliyopo". Wapo wanaolala na amani kwa sababu wameweka oda hiyo. Amani hiyo ni ya mchana.

Mfano wa usiku mbaya ni 5 Agosti 2024. Nikkei, faharasa ya hisa za Japani, ilianguka 12.4% wakati Marekani imelala, na S&P 500 ilimaliza siku ikiwa chini 3%. Kengele ya New York ilipolia, sehemu kubwa ya kilio ilikuwa imeshatokea. Siku hiyo hiyo jukwaa kubwa la kuuzia hisa za Marekani saa za usiku lilisimama, na baadhi ya wateja waliodhani wameshauza waliambiwa oda zao zimefutwa. Kwa hiyo ahadi ya kuuza "saa 24" ichukuliwe kama boya: linakusaidia maji yakiwa yametulia.

Mfano wa mchana mbaya ni 6 Mei 2010. Dow, faharasa nyingine ya hisa za Marekani, ilikuwa imeshashuka, kisha ndani ya dakika chache ikaanguka hadi karibu pointi 1,000 chini ya bei ya jana na kurudisha nyingi kati ya hizo, wakati Mwanza ilikuwa inakaribia saa nne usiku. Aliyekuwa na oda ya kukata hasara alitolewa chini kabisa, akaangalia bei ikipanda bila yeye. Mwenye kukaa na hisa hakuona kitu zaidi ya siku mbaya ya kawaida.

Nauli ndiyo inayoamua

Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa, kila aliyekwenda Sengerema au Geita kupitia pale alilipa kivuko, kwenda na kurudi. Mwenye safari moja kwa mwezi hakuisikia. Mwenye safari kila siku aliijua kwa shilingi. Kuvuna usiku peke yake ni kuvuka kila siku: unanunua kwenye kufunga, unauza kwenye kufungua, mara 252 kwa mwaka.

Hisa za Marekani, gawio likiwamo, zimelipa kwa muda mrefu karibu 10% kwa mwaka. Tuseme yote ni ya usiku. Gawanya kwa siku 252: unapata kama 0.04% kwa usiku mmoja. Mwenye dola 1,000 anatarajia senti 40. Dalali anayetoza dola 1 kwa oda anachukua dola 2 kwenda na kurudi. Ili kurudisha nauli tu unahitaji kuingiza dola 5,000 kila usiku, na bado hujapata kitu.

Dalali asiyetoza komisheni anapunguza maumivu, hayamalizi. Kuna tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, tozo ndogo za udhibiti upande wa kuuza, na pengo kati ya bei uliyoiona na uliyopewa. Gharama ya 0.02% kwa mzunguko ni 5% kwa mwaka. Gharama ya 0.05% ni zaidi ya 12%, na hapo usiku wote umekwisha. Njia ya kupunguza ni kutuma oda inayoingia kwenye mnada wa kufunga na ile ya mnada wa kufungua, ambako wanunuzi na wauzaji wote hukutana kwa bei moja. Ndiyo maana saa ya mwisho ya kutuma oda imo kwenye jedwali hapo juu. Dalali wako anaweza kuiweka mapema zaidi, na si kila dalali wa kwenye simu anatoa oda hizo kabisa.

Waliojaribu hili kwa fedha za wengine wapo. Juni 2022 ilizinduliwa Marekani mifuko miwili iliyoitwa NightShares, mmoja wa kampuni kubwa 500 na mwingine wa kampuni ndogo, lengo lake likiwa kuvuna usiku. Agosti 2023 yote miwili ilikuwa imefungwa. Walikuwa na wataalamu na ada za oda ambazo mtu wa rejareja hawezi kuziota.

Wengi huku kwetu, hata hivyo, hawanunui hisa. Wananunua mkataba wa CFD wa faharasa kwa dalali wa foreksi, na huko hesabu ni nyingine. Kila ukilaza nafasi, yaani mkataba uliofungua, unatozwa swapu, ile gharama ya kulaza. Tuseme riba ya msingi ni 4.5% na dalali anaongeza 2.5%: jumla 7% kwa mwaka, gawanya kwa 360, ni 0.0194% kwa usiku. Inatozwa kwa thamani yote ya mkataba, si kwa dhamana uliyoweka, na inatozwa usiku wa Jumamosi na Jumapili pia, kwa kawaida kwa kukata mara tatu siku moja ya juma. Nafasi ya dola 10,000 kwa dhamana ya dola 500 inalipa karibu dola 13.6 kwa juma. Faida inayotarajiwa, 0.04% kwa usiku tano, ni dola 20. Ukifunga na kufungua kila siku kwa tofauti ya bei ya nusu pointi kwenye faharasa ya 6,000, unaacha dola 4 nyingine. Zinabaki dola 2.4, na kwa hizo umekubali kwamba siku moja soko likifungua chini 5%, dhamana yote ya dola 500 imekwenda.

Mjanja atauliza: je, nikinunua baada ya swapu kukatwa, nikauza kengele inapolia? Inawezekana. Ukiingia saa saba usiku ya Mwanza, mikataba ya baadaye inapofunguliwa tena baada ya mapumziko yake ya saa moja (saa nane miezi ya Novemba hadi Machi), na kutoka saa kumi na nusu jioni, hujapita kwenye saa ya kukatwa. Umeikosa tu sehemu ya mwanzo ya usiku, ambayo ndiyo yenye matangazo mengi ya hesabu za kampuni. Bei ya saa hiyo lakini ni mbaya. Tofauti ya kununua na kuuza ikipanuka hadi pointi moja kwenye 6,000, ni 0.017%, karibu nusu ya faida yote unayoitarajia. Na saa saba usiku, kila siku ya kazi, mwaka mzima: hilo ni jambo la kulipima kwa mwili wako, si kwa kalamu.

Biashara ya mchana peke yake haina swapu, na hilo madalali hulitangaza sana. Ni kweli. Pia haina mkondo unaokusukuma. Ukiingia mchana bila ujuzi wowote, matarajio yako kabla ya gharama yako karibu na sifuri, na gharama inayashusha chini ya hapo. Mwenye ujuzi wa kweli wa kusoma mtiririko wa oda anaweza kuishi humo. Lakini ajue kwamba anachokula ni cha mwenzake aliyekaa upande wa pili, si cha soko kukua.

Dar na Nairobi: hapa swali lenyewe halina nguvu

Mtu mwenye Hisa Kiganjani, programu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kwenye simu anaweza kushawishika kuchukua hesabu hizi na kuzipeleka kwenye CRDB au NMB. Asifanye hivyo. Soko la Dar es Salaam lina hisa chache zinazouzwa kwa wingi, na nyingine hukaa siku nzima bila muuzaji kukutana na mnunuzi. Bei ya hisa isiyouzwa haiwezi kukuambia kama habari iliingia usiku au mchana. Jedwali lako litajaa sifuri, na siku ikiruka utaipa sifa saa ambayo haikufanya lolote.

Halafu nauli. Kwa oda ndogo, komisheni ya dalali pamoja na tozo za soko, za mamlaka na za hifadhi ya hati huzunguka 2% kila upande. Mzunguko mmoja ni kama 4%. Mizunguko 17 inatosha kukata mtaji katikati, bei isiposogea hata shilingi. Na fedha ya mauzo hukamilika siku ya tatu ya kazi, kwa hiyo mtaji ule ule hauwezi kuvuka kila siku hata ukitaka. Marekani, tangu 28 Mei 2024, ni siku moja.

Nairobi ina mauzo mengi zaidi, saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, lakini bei yake ya kufunga ni wastani wa mauzo ya siku uliopimwa kwa wingi wa hisa. Si bei ya mwisho ambayo mtu alinunulia. Ukipima usiku kutoka kwenye wastani huo, sehemu ya mchana inaingia ndani ya usiku wako na huwezi kuitoa. Bei hiyo pia huwezi kuinunua.

Kwa hisa za hapa nyumbani, tarehe ya kuzingatia ni ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, ili ujue kama gawio linakuja kwako. Linakatwa kodi ya zuio ya 5% kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE. Gawio la kampuni ya Marekani kwa mkazi wa Tanzania linakatwa 30% huko huko, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi ya mapato. Weka hilo kwenye hesabu ya usiku, maana gawio ni lake.

Basi nani achague nini

Mwenye ajira au duka, mwenye mtaji wa chini ya dola elfu chache, na asiyetaka kukodolea simu macho: usiku na mchana pamoja, yaani kununua na kukaa. Kwa njia hiyo unapata usiku wote kwa nauli moja, na mchana unakuja kama abiria asiyelipa wala kudai. Saa zinazolipa ni zile ulizolala na zile ulizo kazini Nyamagana, na hazihitaji uziangalie. Kabla ya kutuma dola nje, ulizia benki yako kanuni za fedha za kigeni zinasemaje kwa muamala wako, kwa sababu hilo linaweza kufuta swali lote.

Tayari una hisa na unataka kuongeza? Hapa tofauti ya usiku na mchana ina matumizi madogo ya bure: usinunue dakika za kwanza za soko. Subiri, au tuma oda yako karibu na kufunga. Ukiuza, fanya kinyume, uza kwenye kufungua. Hulipi chochote cha ziada, unabadilisha saa tu.

Mchana peke yake tunaushauri kwa mtu mmoja tu: yule ambaye ameandika biashara zake zisizopungua 200, gharama zote zikiwamo, na jumla yake ni chanya. Wengine wanaununua muda wao wa jioni kwa bei ghali.

Usiku peke yake ni kwa mwenye oda za mnada, komisheni sifuri na mtaji unaofanya senti 40 ziwe fedha. Anayetaka kujaribu hata hivyo aanze na akaunti ya majaribio miezi mitatu, akiandika kila siku bei aliyopewa kwenye kuingia, bei aliyopewa kwenye kutoka, na bei rasmi za kufunga na kufungua za siku hiyo. Tofauti kati ya jozi hizo mbili ndiyo gharama yake halisi, ikizidi 0.03% kwa mzunguko, aache. Akipita, thamani yote ya nafasi isizidi mara mbili ya mtaji, ili soko likifungua chini 5% limchukulie 10% na si zaidi. Na Ijumaa aingie kwa nusu.